AC-3, PCM, MP2 au MP3: sauti ipi uweke kwenye diski ya harusi ili isikike kila nyumba

Anayechoma diski za harusi au za kwaya hapa Bukavu hajui diski hizo zitaishia wapi. Nakala moja inabaki Kadutu, nyingine inapanda Bagira, ya tatu anapelekewa mjomba Uvira, ya nne inafika Kamituga kwenye mashine ya DVD iliyopita mikononi mwa watu wengi. Halafu simu inalia: "Yaya, picha inatoka vizuri, lakini sauti hakuna." Kwenye kompyuta iliyochoma diski ileile sauti ipo, tena safi, na ndipo watu wanaanza kulaumiana bure.

Kompyuta si shahidi wa kutegemea katika jambo hili. Programu kama VLC ina uwezo wa kusoma karibu kila aina ya sauti, hata ile isiyofuata kanuni yoyote ya DVD. Mashine ya mezani inasoma zile tu alizoziweka aliyeitengeneza. Kwa hiyo sauti ya diski inachaguliwa kwa kufikiria mashine iliyo dhaifu kuliko zote zitakazoipokea. Maoni yangu nayatoa mapema: kama unachoma DVD ya kugawia watu, weka AC-3 (sauti iliyobanwa, inayoitwa pia Dolby Digital) ya stereo, yaani pande mbili, kilohezi 48 (sauti inapimwa mara elfu 48 kwa sekunde), kilobiti 192 hadi 256 kwa sekunde. Aina nyingine zina kazi zake, na nitaeleza ni zipi, lakini usizichague kwa sababu tu programu yako imezitanguliza.

Kwanza hakikisha kosa ni la diski

Chukua diski ya dukani ambayo unajua ina sauti, uiweke kwenye mashine ileile inayolalamikiwa. Ikikaa kimya nayo, achana na diski yako, angalia waya na mipangilio. Ikisikika, bado usikimbilie kuchoma upya, maana kuna mambo matatu ya mashine yanayoigusa diski moja na kuiacha nyingine.

La kwanza ni waya wa dijitali. Watu wengi wameunganisha mashine ya DVD na ampli kwa waya mmoja wa dijitali badala ya zile mbili, nyekundu na nyeupe. Kama mipangilio ya sauti ya mashine iko kwenye RAW au Bitstream, mashine inatuma AC-3 jinsi ilivyo, bila kuifungua. Ampli isiyojua AC-3 inatoa kimya au mngurumo mkali. VCD za zamani (diski za video zilizotangulia DVD), ambazo sauti yake ni ya aina nyingine, mara nyingi zinasikika vizuri kwenye mtambo huohuo. Mwenye nyumba anaamua kwamba diski yako ndiyo mbovu, wakati dawa ni kubadilisha neno moja kwenye mipangilio: badala ya RAW, weka PCM (sauti isiyobanwa). Au rudisha waya nyekundu na nyeupe.

La pili ni spika. Mashine nyingi za bei nafuu zina matundu sita ya sauti nyuma, kwa ajili ya bafle sita. Mtu ana bafle mbili tu, lakini mipangilio inasema 5.1. Katika sauti ya 5.1 maneno ya watu huwekwa zaidi kwenye bafle ya katikati. Kama bafle hiyo haipo, muziki unasikika, vigelegele vinasikika, lakini padri anafumbua mdomo bila neno kutoka. Ingia kwenye mipangilio ya spika, tafuta Downmix, chagua Stereo. Na wewe unayechoma, programu ikikupa nafasi ya kugeuza stereo iwe 5.1, ikatae. Kamera yako haikunasa 5.1, kwa hiyo hutapata sauti nzuri zaidi. Utakuwa umempelekea tu mtu wa Kamituga tatizo hili la bafle.

La tatu ni kitufe cha AUDIO kwenye rimoti. VCD nyingi za karaoke huweka muziki upande mmoja na muziki pamoja na mwimbaji upande mwingine, na kitufe hicho kinachagua upande wa kusikiliza. Watoto wanaimba karaoke Jumamosi, mashine inabaki upande wa kulia, Jumapili inawekwa diski ya ndoa. Sasa kumbuka jinsi wapiga video wengi wanavyofanya kanisani: mikro ya padri inaingia upande wa kushoto wa kamera, sauti ya ukumbi upande wa kulia. Mashine inayocheza kulia peke yake haitatoa ahadi za maharusi. Suluhisho la kudumu liko kwako: kabla ya kuchoma, changanya pande zote mbili ili mikro ya padri isikike kushoto na kulia. Fanya hivyo kila mara, hata kama hakuna aliyelalamika.

Aina nne zikiwekwa pamoja

| Sauti | Mahali pake | Ukubwa wa saa moja | Kasoro yake |
|---|---|---|---|
| AC-3, kilobiti 192 | DVD | MB 86 hivi | Waya wa dijitali na ampli ya zamani |
| PCM, kilobiti 1536 | DVD | MB 691 hivi | Inakula nafasi ya picha |
| MP2, kilobiti 224 | VCD, na DVD za fremu (picha) 25 kwa sekunde | MB 101 hivi | Huenda isisikike kwenye mashine za Marekani |
| MP3 ndani ya AVI (aina ya faili la video) | Diski ya data | Inategemea | Mashine nyingi za zamani hazisomi AVI kabisa |

*AC-3 na PCM.* Hapa ndipo watu wengi wanasitasita, kwa sababu PCM ina sifa nzuri: ni sauti isiyobanwa, na kila mashine ya DVD inalazimika kuisoma. Kweli, kwa usalama wa kusikika PCM haina mpinzani. Lakini piga hesabu ya harusi ya saa mbili kwenye diski ya GB 4.7. Diski nzima inakupa megabiti 5.2 hivi kwa sekunde, za picha na sauti pamoja. PCM inachukua 1.5, picha inabaki na 3.7. Mahali penye vitenge vya rangi nyingi, watu wanacheza, taa zinawaka na kuzima, 3.7 inaonekana: picha inakatika vipande vya mraba. AC-3 inaachia picha 5.0 nzima. Aliyekaa sebuleni kwake na bafle mbili hataona tofauti ya sauti, lakini nyuso zilizovunjika ataziona.

PCM ina hatari nyingine ambayo haitajwi sana. Kanuni ya DVD inaruhusu mkondo wote, yaani picha na sauti pamoja, ufike megabiti 10.08 kwa sekunde. Mtu anaweka picha ya megabiti 8, anaongeza PCM, anafika 9.5 na kuona bado yuko ndani ya kanuni. Kwa diski iliyopigwa chapa kiwandani ni sawa. Diski ya kuchomwa nyumbani hairudishi mwanga mwingi kama ile ya kiwandani, na jicho la mashine iliyochoka linashindwa kwenda na mwendo huo, hasa kuelekea ukingo wa nje. Matokeo ni sauti inayokatika mwishoni mwa sherehe, wakati wa kukata keki. Mimi sipendi mkondo wote uzidi megabiti 8.

PCM itumie pale muda ni mfupi na sauti ndiyo kazi yenyewe: kwaya inayorekodi nyimbo za dakika 40 kwa mikro nzuri, na inataka kuhifadhi. Hapo nafasi unayo, tumia.

AC-3 nayo ina jambo moja la kuangalia, na ndilo linalozaa lalamiko la "sauti ipo lakini ni ndogo mno". Ndani ya AC-3 kuna namba inayoiambia mashine ishushe sauti kiasi gani. Kwenye programu inaitwa dialnorm. Programu kadhaa za kitaalamu zinaiweka kwenye -27 na kuongeza mbano wa aina ya sinema (kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), vitu vilivyokusudiwa filamu. Kwa harusi, weka -31 na uzime mbano huo. Namba -31 inamaanisha mashine isishushe chochote.

*MP2.* Hii, sauti iliyobanwa iliyo ndugu wa MP3, ndiyo sauti ya VCD tangu kanuni yake ilipotolewa mwaka 1993, na huko ni lazima: kilobiti 224, kilohezi 44.1, stereo. Usiibadilishe. Wako wanaopunguza hadi 128 ili diski iingize dakika zaidi, na mashine nyingine zinavumilia, lakini ile moja isiyovumilia ndiyo ya mama mkubwa. Kama wapokeaji wako wana mashine za VCD tu, bado zipo, hasa mbali na mji, VCD ya kawaida yenye MP2 ya 224 ndiyo chaguo lako na hakuna haja ya kufikiri zaidi. SVCD, ile VCD iliyoboreshwa, iache. Mashine zinazoisoma karibu zote zinasoma DVD pia.

Kwenye DVD, MP2 inakubalika kwa diski za fremu 25 kwa sekunde, ambazo ndizo za kwetu. Kwa diski za fremu 29.97, zile za Marekani na Kanada, kanuni inadai PCM au AC-3, na mashine za huko hazilazimiki kusoma MP2. Familia ngapi za Bukavu zina ndugu waliohamia Marekani? Ukiwatumia diski yenye MP2, unaweza kuwatumia filamu bubu. Na kwa kuwa AC-3 inasikika pande zote mbili, sioni sababu ya kuweka MP2 kwenye DVD siku hizi. Zamani ilikuwepo: programu nyingi za bure hazikuwa na AC-3 kwa sababu ya haki za uvumbuzi. Haki hizo zilimalizika mwaka 2017, na programu kama ffmpeg na DVDStyler zinaitengeneza bila malipo.

*MP3 ndani ya AVI.* Faida yake ni kuingiza saa nyingi kwenye diski moja. Masharti yake ni mengi: mashine iwe na alama ya DivX au MPEG-4, sauti iwe MP3 ya kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, isiwe AAC (aina nyingine ya sauti iliyobanwa). Sauti ya simu karibu zote ni AAC, kwa hiyo anayechukua video ya simu na kubadilisha picha tu, akaacha sauti ilivyo, anapata picha bila sauti. MP3 ya kiwango kinachopanda na kushuka ndani ya AVI nayo ina tabia ya kuachana na picha kidogo kidogo. Mimi ningeitumia kwa mtu mmoja ninayeijua mashine yake, kamwe si kwa nakala ishirini za kugawa.

Kilohezi 44.1 na 48: chanzo cha sauti za ajabu

VCD na CD za muziki zinatumia 44.1. DVD inataka 48. Kamera za MiniDV zina hali ya biti 12 inayonasa kwa 32, na nyingi zilitoka kiwandani zikiwa hapo. Ukihamisha VCD ya zamani kwenye DVD bila kubadilisha kipimo hiki, mambo mawili yanaweza kutokea. Mashine inakataa sauti kabisa, au inaicheza kana kwamba ni 48: watu wanasema harakaharaka kwa sauti nyembamba, na saa moja ya maneno inaisha kwa dakika 55 hivi.

Kujua ni rahisi. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili, shuka hadi sehemu ya sauti, soma mistari mitatu: aina, kiwango cha kilobiti, kilohezi. Kama faili unayotaka kupeleka kwenye DVD inasema 44.1 au 32, umeshapata jibu kabla ya kuharibu diski hata moja.

Sauti inayoachana na midomo

Tofautisha magonjwa mawili, maana dawa zake hazifanani. Kama sauti imechelewa kiasi kilekile mwanzoni na mwishoni, ni ucheleweshaji wa kudumu. Icheze kwa VLC, bonyeza J au K hadi midomo ilingane na maneno, kisha soma namba inayotokea kwenye kioo. Kila bonyezo ni milisekunde 50. Namba hiyo iingize kwenye Avidemux, programu ya kuhariri video, sehemu ya kusogeza sauti, uhifadhi bila kugusa picha.

Kama mwanzoni iko sawa na baada ya saa imeachana kwa sekunde mbili, kusogeza hakutasaidia. Kwa video za simu chanzo cha kawaida ni fremu zisizo sawa: simu inanasa 30 kwenye mwanga, ikiingia ukumbini penye giza inapunguza yenyewe. Programu ya DVD inadhani fremu ni za kiwango kimoja, na kosa linaongezeka dakika kwa dakika. Hapo pitisha kwanza video yote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ukiwa umechagua fremu za kudumu, ndipo uipeleke kwenye DVD.

Sauti peke yake, au yote upya?

Hili ni muhimu kwa mtu anayefanya kazi huku umeme ukija na kuondoka. Kubadilisha picha ya saa mbili kwenye kompyuta ya zamani kunaweza kula nusu siku, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Kubadilisha sauti peke yake ni kazi ya dakika chache, betri inaimaliza. Kosa likiwa la aina ya sauti, la kilohezi au la 5.1, picha usiiguse; andika amri hii ya ffmpeg kwenye dirisha la amri la kompyuta:

ffmpeg -i harusi.mpg -c:v copy -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -ac 2 -f dvd harusi-mpya.mpg

Neno copy hapo linahifadhi picha jinsi ilivyo. Yanayofuata yanaweka AC-3, kilobiti 192, kilohezi 48, pande mbili. Amri hii inafaa kama picha tayari ni ya DVD. Ukiingiza faili mpya kwenye DVDStyler, fungua sifa za filamu uchague Copy kwa picha na sauti, la sivyo itaanza kubadilisha picha tena na faida yote inapotea.

Yote upya ni kwa video za simu zenye fremu zisizo sawa, kwa VCD unayotaka iwe DVD ya kawaida, na kwa picha yenye megabiti nyingi mno kwa sekunde. Anza kazi hiyo ukiwa na uhakika wa umeme.

Na kuna kesi ambayo hata sauti haihitaji kuguswa: sauti inakatika na picha inavunjika kwa wakati mmoja. Hiyo ni diski yenyewe, kwa mikwaruzo, uchafu, aina duni au kasi ya kuchoma. Kwa diski zilizoandikwa 16x mimi nachoma kwa 4x au 8x. Kwa mashine za zamani DVD-R mara nyingi inapokelewa vizuri kuliko DVD+R. Kama unazo DVD+R tu, programu ya kuchoma iitwayo ImgBurn inaweza, kwa mashine za kuchomea zinazoruhusu, kuiandikia diski kitambulisho cha DVD ya kiwandani, na mashine zilizokuwa zikikataa zinakubali. Usijaze diski hadi ukingo. Huko nje ndiko makosa ya kusoma yanakoanzia.

Kwa majaribio nunua DVD-RW moja, uchome, ujaribu, ufute. Fahamu tu kwamba RW inarudisha mwanga kidogo kuliko DVD-R, kwa hiyo mashine kongwe ikiikataa RW bado inaweza kuikubali DVD-R. Ikiikubali RW na sauti ikasikika, nakala zako ziko salama. Jaribu kwenye mashine mbovu kuliko zote mtaani. Jirani mwenye mashine ya namna hiyo anafaa kuliko mwenye mpya.

Na flashi je?

Wateja wengi sasa wanataka flashi, na kwa televisheni mpya ni sawa: MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC stereo inasomwa karibu kila mahali. Lakini tundu la USB la mashine ya DVD ya zamani halina uwezo huo. Lenyewe linataka AVI yenye MP3, kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na kila faili iwe chini ya GB 4. Kwa hiyo mteja akisema "niwekee kwenye flashi", muulize ataichomeka wapi. Akisema televisheni mpya, mpe MP4. Akisema mashine ya DVD, mwekee AVI. Akisema hajui, kwa sababu flashi itaenda kijijini kwa wazee, mchomee DVD yenye AC-3 na umpe pamoja na flashi.